Pikipiki Inayokataa Kuwaka Ikiwa Moto: Pima Kwanza, Speya Baadaye

Somo la ufundi kwa wahudumu wa bodaboda, wenye pikipiki na abiria wao

Tuseme ni saa saba mchana. Mhudumu wa bodaboda ametoka Mwatate akipanda kuelekea Wundanyi. Nyuma amembeba mama mwenye mtoto aliyeshikwa na homa. Njiani mama anaomba wasimame dukani anunue maji. Mhudumu anazima injini. Dakika tano baadaye anapiga kiki, haiwaki. Anapiga tena mara kumi, mara ishirini, jasho linamtoka.

"Kijana wangu, kuna shida?"

"Shida ndogo tu, mama. Ikipoa itawaka."

Na kweli, baada ya nusu saa pikipiki inawaka kwa kiki moja kana kwamba haikuwa na kasoro. Lakini nusu saa hiyo mtoto mgonjwa amekaa juani.

Mhudumu huyu tumembuni kwa ajili ya somo, ila wanaofanana naye ni wengi katika steji zetu. Ameshanunua plagi mpya. Akaambiwa ni koili, akanunua koili. Akaambiwa ni kabureta, akanunua na hiyo. Kila mara anapeleka pikipiki gereji asubuhi, fundi anapiga kiki, inawaka papo hapo, na anaambiwa iko sawa. Mchana inakataa tena. Siku hizi akifika kituo cha mafuta haizimi injini wakati petroli inamiminwa, kwa kuogopa kwamba haitawaka. Jioni huegesha mahali penye mteremko ili aishtue kwa kuisukuma. Kasoro ya kuwaka imekuwa hatari ya moto na ya ajali.

Somo letu la leo lina jambo moja kubwa: kasoro inayoletwa na joto hupimwa wakati wa joto. Ukingoja ipoe ndipo uipeleke kwa fundi, ushahidi umeondoka pamoja na joto, na kinachobaki ni kubahatisha kwa pesa zako. Vipimo vitano vinavyofuata unaweza kuvifanya kando ya barabara bila kununua chochote, ila plagi moja ya akiba.

Tunazungumzia pikipiki za kawaida za bodaboda: silinda moja, kupozwa kwa hewa, injini ya 100 hadi 150 cc, zenye kabureta.

MAMBO MATATU AMBAYO INJINI INAYATAKA

Injini ya petroli huwaka ikipata vitu vitatu kwa pamoja: cheche yenye nguvu kwa wakati wake, petroli na hewa kwa kiasi kinachofaa, na kompresheni, yaani ule mkandamizo wa hewa ndani ya silinda pistoni inapopanda. Kimoja kikikosekana, haiwaki.

Joto linaweza kuharibu chochote kati ya hivyo vitatu. Waya mwembamba ndani ya koili hupanuka na kuachana mahali ulipokuwa umeanza kukatika. Petroli iliyo kwenye kabureta hupata joto la injini iliyosimama, ikawa mvuke au ikafurika. Vali hurefuka kidogo kwa joto, na kama haikuachiwa nafasi hushindwa kufunga. Ndiyo sababu watu watatu wenye malalamiko ya aina moja wanaweza kuhitaji matengenezo matatu tofauti. Dawa iliyomponya mwenzako wa steji huenda isikufae wewe.

USALAMA KWANZA

Kabla hujagusa spana, zingatia haya:

1. Sogeza pikipiki kando kabisa ya barabara. Abiria asimame mbali na lami, upande wa majani.

2. Ekzosi na kichwa cha injini vina joto la kuunguza ngozi. Vaa glavu au tumia kitambaa kinene. Ukiungua, mwagilia maji safi ya kawaida kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, mafuta wala unga.

3. Usifungue kabureta wala kumwaga petroli juu ya injini yenye joto. Usivute sigara karibu, na usivute petroli kwa mdomo kupitia mpira.

4. Cheche ya plagi hubeba umeme wa maelfu ya volti. Usishike plagi kwa mkono mtupu unapoipima.

5. Usimwage maji baridi kwenye silinda ili ipoe haraka. Chuma kinachopozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka.

6. Zima injini kila unapotia petroli, hata kama unaogopa kwamba itakusumbua. Ni afadhali kusukuma pikipiki hatua chache kutoka kwenye pampu kuliko kuwasha kituo kizima.

VIPIMO VITANO VYA KANDO YA BARABARA

Fanya vipimo hivi kwa mpangilio huu, na uanze mara tu pikipiki inapokataa. Kwanza hakikisha mambo madogo: petroli ipo tangini, koki iko wazi, swichi ya kuzimia iliyo kwenye usukani haijaguswa, na choki imerudishwa. Choki ni ya injini baridi. Ukiivuta injini ikiwa moto unaijaza petroli ya ziada, na kosa hilo peke yake latosha kuifanya ikatae.

Kipimo cha kwanza: kifuniko cha tangi

Fungua kifuniko taratibu na usikilize. Kina tundu dogo la kupitisha hewa. Petroli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake. Tundu hilo likizibwa na vumbi, tangi hubaki likivuta kama chupa unayoinyonya, na petroli haishuki. Ukisikia hewa ikivutwa kuingia ndani, acha kifuniko wazi kwa dakika moja, kifunge, kisha piga kiki. Ikiwaka, umepata kasoro yako, na matengenezo yake ni kusafisha tundu. Kasoro hii mara nyingi hujionyesha pia kwa pikipiki kufa ikiwa mwendoni.

Kipimo cha pili: uzito wa kiki

Zima swichi. Kanyaga kiki polepole kwa uzito wa mguu. Injini nzima ina mahali ambapo kiki inagoma, kisha inaachilia. Hapo ndipo pistoni inakandamiza hewa. Kiki ikishuka laini bila kugoma, au ikigoma kidogo sana kuliko kawaida, kompresheni imepungua.

Ili kipimo hiki kiwe na maana, ni lazima ujue kiki yako ilivyo injini ikiwa baridi. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kanyaga mara mbili polepole na uuzoee ugumu wake. Baada ya wiki moja mguu wako utajua tofauti.

Kipimo cha tatu: eksileta wazi

Washa swichi, choki ikiwa imerudishwa. Zungusha eksileta mpaka mwisho, ishike hapo, na upige kiki mara tano au sita. Kwa kufanya hivi unaingiza hewa nyingi ya kukausha petroli iliyozidi. Injini ikikohoa, ikatoa moshi mweusi na kuwaka, basi ilikuwa imefurika. Rudisha eksileta mara moja inapowaka.

Kipimo cha nne: cheche

Hapa ndipo plagi ya akiba inapohitajika, na iwe plagi unayojua kuwa ni nzima. Chomoa kofia ya plagi. Iache plagi ya injini pale ilipo, usiifungue. Vika kofia kwenye plagi ya akiba, kisha ilaze ile sehemu ya chuma yenye nyuzi igusane vizuri na chuma kisichopakwa rangi kwenye injini, mbali na kabureta na tangi. Ishike kwa koleo yenye mpini wa plastiki au uibane mahali. Washa swichi, piga kiki, na uangalie ncha ya plagi ukiwa umeikinga na jua kwa kivuli chako.

Kuna faida mbili za kutumia plagi ya akiba badala ya kufungua ile ya ndani. Kwanza, tundu la silinda linabaki limefungwa, hivyo mvuke wa petroli hautoki ukakutana na cheche. Pili, kichwa cha injini ni cha alumini, na nyuzi zake huharibika kwa urahisi plagi inapofunguliwa kwa nguvu ikiwa moto.

Cheche nzuri ni ya rangi ya samawati, na husikika ikidata. Cheche ya njano iliyofifia, inayotokea na kupotea, ni dhaifu. Kama hakuna cheche kabisa, kasoro iko kwenye umeme.

Kipimo cha tano: sura ya plagi

Ngoja injini ipungue joto kiasi cha kuweza kuigusa kwa muda mfupi, kisha fungua plagi ya ndani kwa spana yake bila kulazimisha. Itazame. Ni mbichi na inanuka petroli? Petroli imezidi, au cheche haikuichoma. Ni kavu kabisa ingawa umepiga kiki mara nyingi? Petroli haifiki. Ni nyeusi kama masizi? Mchanganyiko una petroli nyingi, au filta ya hewa imeziba. Ni nyeupe kama chokaa? Injini inachoma kwa joto kali, huenda petroli ni kidogo kuliko hewa. Unapoirudisha, anza kuizungusha kwa vidole. Ikikataa, itoe uanze tena, usiikaze kwa spana kabla nyuzi hazijakaa sawa.

KUSOMA MAJIBU

A. Kiki ni ya kawaida, lakini hakuna cheche

Kama plagi ya akiba imetoa cheche nzuri na ile ya ndani inasumbua, badilisha plagi kwanza. Kigae cheupe cha plagi kinaweza kuwa na ufa usioonekana.

Plagi zote mbili zikikosa cheche, angalia kofia. Kofia nyingi hufungwa kwa kuzungushwa kwenye waya. Ifungue, kata kipande kidogo cha ncha ya waya iliyooza, kisha irudishe ikaze. Ni kazi ya dakika mbili, na mara nyingi inaokoa bei ya koili.

Baada ya hapo washukiwa ni koili, pikapu, koili za magneti na boksi la CDI. Koili ina waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara. Pikapu na koili za magneti hukaa ndani ya kifuniko cha ubavuni mwa injini, mahali panapopata joto jingi. Waya ulioanza kukatika hugusana ukiwa baridi na kuachana ukipata joto. Fundi akiupima asubuhi kwa mita ya umeme ataona ni mzima. Sharti apime mara mbili: injini ikiwa moto na inakataa, kisha ikiwa baridi. Sehemu ambayo kipimo chake kinaruka na kuonyesha kwamba waya umekatika wakati wa joto ndiyo yenye kasoro.

Kama fundi hana mita, kuna njia ya kienyeji inayofanya kazi: poza kitu kimoja peke yake. Swichi ikiwa imezimwa, funika koili kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa vizuri, kwa dakika tano. Kipanguse, upime cheche tena. Cheche ikirudi huku injini bado ina joto, koili imejishtaki yenyewe. Isiporudi, usiinunue. Tafuta kwenye pikapu na magneti.

Baadhi ya pikipiki huchukua umeme wa cheche kutoka kwa betri. Honi ikilia kwa unyonge na taa zikififia unapobonyeza stata, chunguza betri na nyaya zake kabla ya kulaumu kingine.

B. Cheche ipo, lakini kiki ni nyepesi

Kompresheni inapotea. Mara nyingi chanzo ni tapeti zilizokazwa kupita kiasi.

Kati ya tapeti na vali huachwa nafasi ndogo sana. Kwa nyingi ya pikipiki hizi ni kati ya milimita 0.05 na 0.10, na kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye kipimo halisi. Nafasi hiyo ni ya kurefuka kwa vali inapopata joto. Isipokuwepo, asubuhi vali hufunga vizuri na pikipiki huwaka. Mchana vali imerefuka, inakutana na tapeti, na inabaki imefunguka kidogo sana. Hewa inapita hapo badala ya kukandamizwa.

Wahudumu wengi husikia tapeti zikigonga na kumwambia fundi aziondolee kelele. Fundi anazikaza, kelele inaisha, mteja anaondoka ameridhika. Lakini tapeti zisizosikika kabisa si lazima ziwe nzuri. Mlio mdogo wa tik-tik kwenye injini ya aina hii ni wa kawaida. Kelele ikiondolewa kwa kukaza kupita kipimo, baada ya muda vali ya ekzosi huungua. Vali hiyo hupoa kwa kugusana na kiti chake kila inapofunga. Isipofunga haipoi, na gesi ya moto hupita ubavuni mwake mpaka imege ukingo. Hapo kazi iliyokuwa ya dakika 30 inakuwa ya kufungua kichwa cha injini.

Tapeti hupimwa injini ikiwa baridi kabisa, ni bora ikiwa imelala usiku kucha. Fundi huzungusha magneti mpaka alama ya T ikutane na alama ya kifuniko, pistoni ikiwa juu na vali zote mbili zimefunga. Kisha hupima kwa vile vibamba vyembamba vya chuma viitwavyo fila. Baada ya kukaza nati, ni lazima apime tena, kwa sababu nati yenyewe huweza kusogeza kipimo. Fundi asiye na fila na anayepima kwa kutikisa kwa vidole anabahatisha.

Kama tapeti ziko sawa na kiki bado ni nyepesi, fundi amimine kijiko kimoja cha chai cha oili ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, arudishe plagi na akanyage kiki. Ikiwa nzito ghafla, ringi zimeisha. Isipobadilika, vali zinavuja.

C. Cheche ipo, kiki ni nzito, plagi ni mbichi

Injini inafurika. Ndani ya kabureta kuna boya linaloinua sindano ndogo ya kufunga petroli bakuli linapojaa. Sindano ikilika, au ikiwekewa uchafu, petroli huendelea kuingia hata pikipiki ikiwa imesimama. Injini yenye joto huigeuza kuwa mvuke mzito, na ukipiga kiki unaingiza petroli bila hewa ya kutosha.

Kipimo chake ni cha bure. Kwa siku moja nzima, funga koki kila unapozima injini, na uifungue unapokaribia kuwasha. Kama siku hiyo pikipiki haikusumbua, sindano ya boya ina kesi ya kujibu. Kunusa oili ya injini nako kunasaidia. Ikinuka petroli, au kiwango chake kimepanda bila wewe kuongeza, petroli imevuja mpaka chini. Badilisha oili hiyo baada ya kutengeneza sindano, kwa sababu oili iliyochanganyika na petroli hailindi vyuma.

Angalia pia filta ya hewa. Barabara zetu za udongo mwekundu huijaza vumbi haraka kuliko kitabu cha pikipiki kinavyotarajia.

D. Cheche ipo, kiki ni nzito, plagi ni kavu

Petroli haifiki, au inakuwa mvuke njiani. Chunguza kama mpira wa petroli umelazwa juu ya injini. Chunguza pia kama kile kipande kizito cha plastiki ngumu kinachokaa kati ya kabureta na injini kipo. Kazi yake ni kuzuia joto lisipande kwenye kabureta, na wakati mwingine hakirudishwi baada ya kabureta kubadilishwa. Mpira wa kuingizia hewa ukiwa na nyufa, hewa ya ziada hupenya na kufanya kuwaka kuwe kugumu. Jeti ndogo ya mwendo wa polepole nayo huziba kwa uchafu au maji yaliyoingia na petroli ya chupani.

Hapa pia unaweza kupoza kitu kimoja: kitambaa chenye maji baridi kuzunguka bakuli la kabureta na mpira wake. Pikipiki ikiwaka dakika chache baadaye, joto linaishika petroli kwenye kabureta.

TURUDI KWA MHUDUMU WETU

Tuseme siku ile, badala ya kungoja ipoe, angefanya vipimo. Tangi halivuti hewa. Kiki ni laini, mguu unashuka kama kwenye sifongo. Eksileta wazi haisaidii. Plagi ya akiba inatoa cheche ya samawati inayodata. Kwa muda wa dakika kumi angekuwa amejua kwamba plagi, koili na kabureta hazina hatia, na kwamba jibu lake ni herufi B.

Angempigia simu mwenzake aje amchukue mama na mtoto, kwa sababu mgonjwa hangoji uchunguzi wa injini. Kesho yake alfajiri angeifikisha pikipiki gereji ikiwa baridi.

"Fundi, ikiwa moto kiki inakuwa nyepesi na cheche ipo. Naomba unipimie tapeti kwa fila."

"Nani alizigusa mara ya mwisho?"

"Ni mimi niliomba zikazwe, zilikuwa zinapiga kelele."

Swali na jibu hilo lingemwokolea bei ya speya tatu alizonunua bure.

KUPUNGUZA JOTO LENYEWE

Hata pikipiki nzima huchoka ikipikwa. Osha matope yaliyojaa kati ya mapezi ya injini, kwa kuwa hayo ndiyo yanayoipoza. Usiyafunike kwa bati au gunia. Pima oili kila asubuhi pikipiki ikiwa imesimama wima, na uibadilishe kwa wakati kwa aina inayotajwa kitabuni. Kwenye mlima, rudisha gia mapema badala ya kuilazimisha injini ikinguruma kwa gia kubwa. Sheria inaruhusu abiria mmoja tu. Watatu kwenye mlima ni hatari kwao, na injini nayo inaumia. Nunua petroli kwenye kituo kinachojulikana. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huchafua plagi na kufanya kuwaka kuwe kugumu.

UKIENDA KWA FUNDI

Mpelekee majibu, si malalamiko. Andika kwenye simu yako: huanza kukataa baada ya mwendo gani, huchukua dakika ngapi ipoe, cheche ilikuwepo au haikuwepo, kiki ilikuwa nzito au nyepesi, plagi ilikuwa mbichi au kavu. Omba urudishiwe kila speya ya zamani inayotolewa, maana huenda ni nzima. Na kabla ya kulipa, iendeshe mpaka ipate moto, izime kwa dakika kumi, kisha uiwashe. Matengenezo yaliyojaribiwa injini ikiwa baridi hayajajaribiwa.

Vijana wanaopenda kazi hii wakumbuke kwamba, chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Uliza chuo kilicho karibu nawe kama kina kozi ya umekanika. Kila steji inahitaji angalau mtu mmoja anayejua kutumia fila na mita ya umeme.

JIPIME

1. Pikipiki imekataa kuwaka mchana. Cheche ni nzuri, kiki ni nzito, na plagi inadondosha petroli. Wiki hii umekuwa ukiacha koki wazi. Utajaribu nini kabla ya kununua chochote?

2. Fundi amepima koili asubuhi akasema ni nzima. Kwa nini jibu hilo halitoshi?

3. Abiria wako anasema tapeti zinagonga na anakushauri uzikaze mpaka zinyamaze. Utamjibu nini?

Majibu: (1) Piga kiki ukiwa na eksileta wazi. Ikiwaka, funga koki kila unapozima kwa siku moja uone kama tatizo linaisha. Likiisha, chunguza sindano ya boya. (2) Waya unaoachana kwa joto huonekana mzima ukiwa baridi. Apime tena pikipiki ikiwa moto na inakataa. (3) Tapeti hukazwa kwa kipimo cha fila, haikazwi kwa masikio. Mlio mdogo ni wa kawaida, na kuzinyamazisha kabisa kunaweza kuunguza vali.

Kata ukurasa huu uuhifadhi chini ya kiti cha pikipiki, pamoja na plagi ya akiba na spana yake.